Onja Wewe Kwanza

Ndugu zangu wa Gitovu, nanyi wa vilima vya jirani, sogeeni. Kila mmoja amtazame aliyekaa kando yake, kwa lile jicho la pembeni tulilozoea kutazamana nalo huku kwetu. Mmemtazama? Basi sasa mnisikilize mimi.

Boma la Faustini linapakana na langu. Kati yetu kuna ua wa minyaa tu, na ua huo una matundu. Siwezi kusema sikuyatumia. Faustini alikuwa mkulima wa viazi na mwalimu wa kwaya ya parokia, mwanamume wa sauti nene na kicheko kikubwa. Mkewe, Vestina, alitoka mbali, ng'ambo ya ziwa, mwanamke mpole asiye na maneno mengi. Mama mzazi wa Faustini, Bibi Daforoza, alikuwa na nyumba yake ndogo hapohapo uani. Jioni walikaa barazani watatu wakimenya viazi, Faustini akiimba sauti ya nne, mama yake akimwambia amekosea, Vestina akicheka chinichini. Ilikuwa nyumba ya amani. Nami nilikuwa nikijisemea, amani namna hii, lazima kuna jambo. Ndiyo tabia yetu watu wa Gitovu: tukiona mtu anafurahi, tunatafuta anachoficha.

Na safari hii, kweli, palikuwa na kilichofichwa.

Shingoni mwa Faustini paliota tezi. Alilifunika kwa skafu, akasingizia baridi ya mlimani. Kisha yeye na Vestina wakatuaga kwamba wanakwenda kutafuta mnunuzi wa viazi, kumbe wamekwenda hospitali kubwa. Huko wakaambiwa ni saratani ya matezi, lakini ni ile inayotibika, mradi mgonjwa amalize dawa zote. Akaanza kutundikiwa ile dawa kali ya mshipani wanayoiita kemo. Anatundikiwa, anarudi nyumbani kupumzika, kisha anakwenda tena.

Haya nayajua leo. Wakati ule walijua wawili tu, kwa sababu Faustini alimwapisha mkewe.

"Mama amemzika baba, amemzika na kaka yangu," alimwambia. "Akisikia saratani, ataanza kunililia nikiwa hai. Na majirani wataanza kuyapima mashamba yangu kwa macho. Niapie kwamba hutamwambia mtu."

Vestina akaapa. Na alikuwa mwanamke wa kushika kiapo.

Sasa, dawa ile inapigana na ugonjwa, lakini ikipita tumboni nako haipiti kwa upole. Muuguzi alimweleza Vestina mapema: mumeo atatapika, ataharisha, atatoka vidonda mdomoni, na chakula kitambadilikia ladha. Umpe kidonge cha kuzuia kutapika kabla hajala, usingoje atapike. Umpe chakula kidogokidogo, mara nyingi, kilichopoa, kisicho na mafuta wala harufu kali. Akiharisha, mkorogee chumvichumvi za pakiti kwenye maji safi. Na akishindwa hata kukaa na maji tumboni, au mwili ukichemka homa, msingoje kuche. Mleteni.

Vestina akayafanya yote hayo, lakini akayafanya kwa kujificha kama mwizi. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Siku moja Bibi Daforoza akanijia kwenye ua, amejifunika kanga mpaka puani.

"Jirani, huoni kitu?"

"Nione nini, Bibi?"

"Mwanangu akila cha mkewe, anatapika. Mimi nikipika nyama, mke anaiondoa, ati harufu inamsumbua. Tangu lini mwanamume wa hapa akakimbia harufu ya nyama? Anampa uji wa baridi, vijiko viwili, vitatu, kama kifaranga!"

"Labda ana minyoo."

"Minyoo humnyonyoa mtu nywele?" Akavuta shingo karibu. "Jana nimemwona kwa macho yangu haya. Kasimama nyuma ya mlango, karatasi kaichana, unga mweupe kaumimina kikombeni. Akakoroga. Kisha akatazama nyuma. Mtu anayetia sukari hutazama nyuma, jirani? Na ile karatasi akaitupa motoni."

Nami nikajikuta natazama nyuma. Hata wewe ungetazama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Bibi, akaenda zake.

Neno hilo halikukaa uani kwetu. Lilifika bombani kabla ya madumu yangu. Wanawake wakaanza kukumbuka mambo ambayo hayajawahi kutokea: kwamba mama yake Vestina naye alifiwa na mume ghafla, kwamba Vestina hamtazami mtu machoni, kwamba ng'ombe fulani alikufa yeye alipopita. Lisemwalo lipo, wakaambiana. Mimi nawaambia, mengi yasemwayo bombani yapo bombani tu.

Mnaijua desturi yetu. Anayempa mgeni pombe huonja yeye kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna kilichotiwa. Lakini hiyo ni desturi ya wageni na ya watu wasioaminiana. Mke hamwonjei mumewe. Mume akimwambia mkewe aonje, amemwita muuaji bila kutamka.

Asubuhi moja Vestina alimletea Faustini uji barazani. Faustini akatia kijiko mdomoni, akatema.

"Uji huu una ladha ya msumari."

"Ni ile dawa," Vestina akanong'ona. "Walitwambia kila kitu kitakuwa na ladha ya chuma. Jaribu kijiko cha mti, muuguzi alisema husaidia."

Faustini akakitazama kikombe. Akamtazama mama yake, aliyesimama mlangoni mwake amekunja mikono. Alijua ana saratani, alijua anatundikiwa nini, alielezwa mwenyewe na daktari. Lakini mtu akitapika tangu alfajiri, na mama yake akimnong'oneza kila siku, akili huchoka.

"Onja wewe kwanza," akamwambia mkewe.

Nilikuwa uani kwangu nikianika maharage. Nilimwona Vestina akisimama pale, kikombe mkononi, kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu. Kisha akaonja. Akameza. Akampa. Tangu siku ile kila kikombe na kila sahani ikapita kwanza mdomoni mwake. Na kwa kuwa hakuumwa, mnafikiri Bibi Daforoza alitulia?

"Mchawi haumwi na uchawi wake," akasema.

Mwishowe wakaita kikao cha ukoo. Baba wadogo wakaja na fimbo zao. Faustini akatolewa nje amefungwa blanketi, mifupa mitupu, kichwa kinang'aa.

Bibi Daforoza akauliza mbele ya wote, "Wewe mwanamke, kikombeni mwa mwanangu unatia nini?"

 Vestina alimgeukia mumewe.

"Mwulizeni mwenye kikombe," akasema. "Yeye anajua."

Wote tukamtazama Faustini. Ilikuwa sentensi moja tu, ndugu zangu. Aseme, naumwa, ile ni dawa. Faustini akavitazama vidole vya miguu yake.

"Mimi sijui," akasema.

Nilisikia hasira ikinipanda hata kabla sijajua ukweli, kwa jinsi uso wa yule mwanamke ulivyobadilika. Hakulia. Aliingia ndani, akafunga nguo zake, akatoka. Alipompita mumewe aliinama, akamwambia neno sikioni. Baadaye ndipo nilipolijua: "Vidonge viko nyuma ya picha ya Bikira Maria. Kabla ya kula, usisahau." Ukoo ulimwita mchawi, naye aliondoka akiwaza tumbo la mumewe.

Bibi Daforoza akafagia nyumba. Kila alichoacha Vestina akakitupa chooni, na vile vidonge pia. Kisha akaanza kumlisha mwanawe alivyojua yeye, kwa mapenzi yote ya mama: mbuzi wa mafuta, maharage ya vitunguu, pombe ya mtama ya moto ili arudishe nguvu. Faustini akatapika mara mbili ya zamani. Akaharisha mpaka hawezi kusimama.

Vestina hayupo, mtu bado anatapika. Mwenye akili angejiuliza, sivyo? Lakini shuku ikishakaa kitini, kila kitu hugeuka kuwa ushahidi wake.

"Alimwachia sumu ndani," Bibi akaniambia. "Imeota mizizi."

Akamwita Segikwiye, yule mtaalamu wa kutapisha. Mnamjua, wengine wenu mmekunywa dawa zake. Akaja na kibuyu, akambonyeza Faustini tumbo, akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma barua ya msiba.

"Sumu ya mwanamke hushika utumbo," akasema. "Hii haitoki kwa maombi. Lazima itapishwe yote."

"Mtapishe," akasema Bibi.

Nilisema uani kwangu, kwa sauti, "Mtu anayetapika mnamtapisha tena?" Segikwiye akanijibu kwamba majirani wanaozuia dawa huwa wanajua sumu ilikotoka. Nikafunga mdomo. Mnaona jinsi ilivyo rahisi? Sekunde moja, na mimi nimekuwa mchawi.

Faustini akanywa. Nisiwaeleze yaliyofuata. Mtu alikuwa hana kitu tumboni, akatapika kile ambacho hakipaswi kutoka. Macho yakazama, midomo ikapasuka, kwikwi ikamshika, mwili ukawaka moto. Segikwiye alipoona hivyo akasema amesahau mzizi mmoja nyumbani, akaenda kuuchukua. Mpaka leo anautafuta.

Ndipo Faustini akamshika mama yake mkono.

"Mama. Nina saratani."

"Nyamaza, mwanangu, ni sumu inayosema."

"Ni saratani, mama. Kutapika ni dawa ya hospitali. Ule unga ni chumvichumvi, ya watoto wanaoharisha. Vestina... mimi ndiye niliyemwapisha."

Bibi Daforoza alitoa ukelele ambao vilima vyote vya jirani vilisikia. Wanaume wakaja mbio na machela ya wote hapa kilimani, wakambeba wakipokezana mpaka barabarani. Hata wale waliokuwa wamemtangaza Vestina bombani waliyatoa mabega yao.

Hospitalini walimtundikia maji na dawa za homa. Muuguzi alikuwa na hasira, wala sikumlaumu. Kinga ya mwili ilikuwa imeshuka, akasema, na mtu huyu amekaushwa maji kama jani la tumbaku. Mngechelewa kidogo mngekuja na jeneza. Kisha akatazama huku na huku.

"Yule mke wake yuko wapi? Yule ndiye aliyejua kumlisha."

Wabeba machela wakatoka nje mmoja mmoja.

Faustini alipopata nafuu, Bibi Daforoza aliifunga safari ya kumrudisha mkwewe, na akaniomba niandamane naye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuibeba aibu hiyo. Tulibeba pombe ya ndizi, kama inavyotakiwa mke akikosewa na kurudi kwao. Tulipokewa kwa adabu iliyokauka. Vestina alikaa kando ya baba yake. Bibi akapiga magoti na miaka yake yote ile, akasema aliyoyasema, analia. Kisha akauinua mrija wa kunywea ili aonje kwanza, maana aletaye pombe ndiye anayeonja.

Vestina akasimama. Akauchukua mrija kutoka mkononi mwa mama mkwe, akanywa yeye kabla yake, akanywa vizuri.

"Mimi sijawahi kukudhania sumu, mama," akasema.

Bibi Daforoza akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilitazama nje.

Vestina akarudi. Duru za dawa zikaendelea, na safari hii nyumba nzima ilijua. Bibi Daforoza mwenyewe ndiye aliyepoza uji na kuchemsha viazi bila mafuta, akapika nyama zake mbali, kwangu, harufu isimfikie mwanawe. Kidonge kabla ya chakula. Vijiko vichache, apumzike, vijiko vichache tena. Maji ya chumvi kidogo ya kusukutua vidonda vya mdomo. Hakuacha kabisa kutapika, lakini alikaa na chakula cha kutosha kumaliza matibabu. Tezi likaisha. Nywele zikaota. Jumapili moja ile sauti nene ikarudi kanisani, tukalia.

Lakini ninao ua, na ua una matundu. Siku ya kwanza Vestina aliporudi, alimletea Faustini uji. Faustini akanyoosha mkono. Vestina akakivuta kikombe, akaonja kwanza, akafuta ukingo kwa kiganja, ndipo akampa.

"Usionje, mke wangu," Faustini akamwomba. "Imekwisha."

"Mama hakujua, Faustini," Vestina akasema polepole. "Wewe ulijua."

Faustini amepona kitambo. Wanalima pamoja, wanamenya viazi pamoja. Na mpaka leo, kila kikombe, Vestina huonja kwanza. Mumewe humtazama akionja, kisha hupokea kwa mikono miwili, akanywa.

FUNZO

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Nami naongeza: wakati mwingine kilio hicho huangukia asiye na kosa. Faustini alidhani anamlinda mama yake. Alichofanya ni kumtupa mkewe mikononi mwetu. Ukiugua, waambie walio nyumbani unaugua nini na unatumia dawa gani, ili anayekukorogea kikombe asikikoroge nyuma ya mlango.

Nasi majirani, mtu anayetumia dawa ya saratani akitapika, akiharisha, akisema chakula ni kichungu au kina ladha ya chuma, tusimtafute mchawi jikoni. Tumbo lake linapigwa na dawa inayomponya. Mpelekeni akaseme hospitalini, kwa maana kuna vidonge vya kumtuliza na namna ya kumlisha. Asitapishwe na mtu yeyote. Akipata homa au akishindwa kunywa maji, itwaeni machela saa ileile.

Tezi la shingoni madaktari walilimaliza. Lile lililoota kati ya Faustini na mkewe, mimi sijasikia hospitali inayolitibu. Haya, mtazameni tena aliyekaa kando yenu, na safari hii mtazameni usoni.