Bolti ya Kumi na Mbili

Siku za Jumamosi, akishamaliza kufua sare za shule na kupiga deki sebuleni, Chapuchapu alimsaidia mjomba wake kazi za uani. Jina hilo alipewa na watu wa nyumbani kwa sababu hakuwa na subira. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na hata kwenye sala alikuwa wa kwanza kusema amina. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina lake halisi lilitumika shuleni tu, mwalimu alipoita mahudhurio.

Jumamosi moja kazi ilikuwa pikapu ya mama. Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati ya jirani. Zahanati ile haikuwa na gari la wagonjwa, kwa hiyo mama mjamzito akizidiwa, pikapu hiyo ndiyo iliyomvusha kilima hadi hospitali kubwa. Ilikuwa gari la gia otomatiki, na siku za karibuni ilishtuka kama mtu aliyeguswa na maji baridi kila ilipobadili gia.

"Oili ya giaboksi imechoka," mjomba alisema. "Tuimwage, tuweke mpya."

Mjomba alikuwa fundi magari kwa miaka thelathini, mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Sasa watu aliwaona kama vivuli, na bolti hakuiona kabisa. Basi yeye alitoa akili, na Chapuchapu akatoa mikono.

Waliwasha pikapu dakika chache ili oili ipate joto la kuichuruzisha vizuri. Wakaizima, wakaweka mawe kwenye magurudumu, wakaiinua kwa jeki na kuikalisha juu ya vigoda vya chuma. Chapuchapu akaingia uvunguni na karai. Oili ilitoka nyeusi, ikinuka kama sufuria iliyoungua. Mjomba alichovya kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. "Hii ilishakufa zamani. Tungechelewa, giaboksi nayo ingeifuata."

Waliifungua sampo, lile beseni la chuma linaloshika oili chini ya giaboksi. Wakaisafisha, wakabadilisha chujio na gasketi, ule utepe unaoziba mwanya oili isivuje. Kuirudisha ndiko kulikokuwa na kazi, kwa maana ilishikwa na bolti kumi na mbili.

"Kila bolti ianze kwa vidole," mjomba alionya. "Ikikataa, itoe uianze upya. Usiilazimishe kwa spana, itakula meno ya tundu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mjomba."

Bolti kumi na moja ziliingia bila matata. Ya kumi na mbili ilikaa pembeni kabisa, juu ya bomba la moshi, mahali ambapo mkono ulipenya kwa shida. Wakati huo wenzake walikuwa wameshafika getini na mpira, wanamwita. Bolti iliingia upande. Chapuchapu alijua imeingia upande, vidole vyake vilimwambia. Lakini alichukua spana akavuta. Ikakaza. Akavuta tena, na ghafla ikalegea, ikawa inazunguka tu, haishiki.

"Zote zimeshika?" mjomba aliuliza kutoka nje.

"Zote, mjomba."

Wakajaza oili mpya, nyekundu kama juisi, kwa mrija na faneli. Gari likiwa linanguruma, mama alikanyaga breki akapitisha gia moja baada ya nyingine. Chapuchapu alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akapima tena. Oili ilikuwa kwenye alama. Mama alizunguka mtaa mara moja akarudi akitabasamu. "Haishtuki tena! Fundi mdogo, mkono wako una baraka." Sifa hizo zilimchoma Chapuchapu kuliko bakora.

Asubuhi ya Jumapili alitoka kwenda kufagia uwanja. Chini ya pikapu palikuwa na doa jekundu, pana kama sahani. Alitazama dirisha la mama, kisha kibaraza cha mjomba. Hakukuwa na mtu. Akachota mchanga kwa mikono miwili, akalifunika doa, akalisawazisha kwa ufagio.

"Nitamwambia mjomba baadaye," alijisemea. "Ni matone tu."

Saa nne simu ya mama ikalia. Mama alisikiliza akiwa amesimama, na uso wake ukabadilika. Zahanati kulikuwa na mwanamke aliyeanza uchungu tangu jana, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Alihitaji upasuaji, na upasuaji ulifanywa hospitali kubwa tu. Mama alinyakua mkoba wake. Chapuchapu alikimbia kumfungulia geti. Pikapu ikatoka getini.

Alirudi jikoni kuosha vyombo. Aliosha kikombe kimoja mara tatu. Kila alipofumba macho alimwona mwanamke asiyemjua, amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, anashika tumbo. Hatimaye aliacha maji yakimwagika, akakimbilia kibarazani.

"Mjomba, nimesema uongo."

Mjomba aliinua uso. "Uongo gani, mwanangu?"

"Bolti moja haikushika. Niliilazimisha. Na asubuhi oili ilikuwa chini nikaifunika na mchanga."

Mjomba hakupandisha sauti. Aliuliza, "Doa lilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Kama sahani."

"Hiyo ni ikiwa baridi, imesimama. Ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji. Nipe simu."

Mama alipokea kwa sauti ya juu. Walikuwa wameshafika chini ya kilima. "Injini inalia lakini gari halivuti!" alisema. "Kaka, kuna nini?"

"Zima gari mara moja, usilikanyage tena. Oili inavuja. Hapo ulipo ni tambarare?"

"Ni tambarare. Lakini huyu hawezi kungoja! Nimepiga hospitali, gari lao liko safarini."

"Tunakuja."

Mjomba alipapasa ndani ya kopo lake la bolti, akizihesabu meno kwa ncha za vidole, mpaka akatoa moja. "Unene ni uleule, ila hii ni ndefu kidogo. Itafika kwenye meno mazima yaliyobaki ndani ya tundu. Chukua spana, faneli, mrija, na dumu la oili iliyobaki. Mimi macho sina. Utakwenda wewe."

"Mjomba, nikikosea tena?"

"Ukikosea, sema hapohapo."

Jirani yao, mwendesha pikipiki, alimpakia. Njia nzima Chapuchapu alikumbatia dumu lile kama mtoto mchanga. Waliikuta pikapu kando ya barabara, na nyuma yake mstari mwembamba mwekundu ukifuata lami. Mwanamke alikuwa amelala ubavu, dada yake akimfuta jasho. Alikuwa halii tena, anaguna tu. Mama alimtazama binti yake mara moja, macho yakauliza, kisha yakaacha kuuliza. "Fanya haraka lakini fanya vizuri," alisema.

Mwendesha pikipiki alikinga magurudumu kwa mawe. Chapuchapu akajikunja akaingia uvunguni. Bomba la moshi lilikuwa la moto, likamchoma kiwiko, akajikaza kisabuni. Aliitoa bolti mbovu, akaianza ile ndefu kwa vidole. Ilikataa. Mkono ulitaka spana. Juu yake mwanamke aliguna tena. Akaitoa bolti, akavuta pumzi, akaianza upya, taratibu, robo mzunguko, robo mzunguko. Safari hii iliingia imenyooka. Alipoikaza kwa spana, ilikaza ikabaki imekaza.

Mama akawasha gari, na Chapuchapu akamimina oili kidogo kidogo, akipima kwa kijiti, mpaka ikafika kwenye alama.

"Tayari?" mama aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo tu. "Imeshika, mama. Lakini sijui kama itashika mpaka hospitali. Oili imebaki nusu dumu."

"Basi panda. Tukifika juu utashuka uangalie."

Pikapu ilivuta. Kileleni alishuka, akachungulia. Palikuwa na unyevu kuizunguka bolti, lakini hapakuwa na tone. Wakateremka upande wa pili, Chapuchapu akimweleza mama yote njiani.

Alikaa kwenye ngazi za hospitali zaidi ya saa nzima, mikono ikinuka oili. Mama alipotoka alikuwa amechoka hata kutembea. Akaketi kando yake.

"Wako hai wote wawili," alisema. "Mtoto alitoka hakulia. Walimhangaikia dakika nne, tano, ndipo akalia. Daktari anasema tungechelewa nusu saa zaidi tungempoteza."

Chapuchapu akalia. Mama alimwacha alie, hakumfuta machozi.

"Sikiliza, mwanangu. Bolti kuharibika si dhambi. Muulize mjomba wako, ameharibu bolti za kujaza debe. Ungemwambia jana, tungetengeneza kwa dakika kumi, tena tukacheka. Lakini ulipoificha, uliondoa nafasi ya kila mtu kuitengeneza. Mimi niliendesha gari nikidhani liko salama. Na yule mgonjwa alipanda akiniamini mimi. Sisi sote tulibeba kosa lako bila kujua tumelibeba. Ndivyo uongo unavyofanya kazi. Hauli aliyeusema peke yake."

"Nimekosa, mama."

"Umekosa, ndiyo. Na leo ulipokwenda kwa mjomba, mwenyewe, bila kukamatwa, uliokoa kilichokuwa bado kinaweza kuokolewa. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli. Mimi nikikosea kazini, husema saa ileile, mbele ya wenzangu, hata aibu ikinipasua. Kazi inayoshika maisha ya watu haifanyiki vinginevyo."

Chapuchapu alijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Yule mgonjwa anajua?"

"Bado."

Wakaingia wodini. Mwanamke alikuwa kitanda cha mwisho, midomo imekauka, macho mazito. Chapuchapu alisimama miguuni pake, na kwa mara ya kwanza maishani hakusema chapuchapu. Alieleza yote, neno kwa neno: spana, uongo, mchanga. Dada wa mgonjwa aliguna kwa hasira. Mgonjwa mwenyewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ningekufa," alisema polepole.

"Ndiyo, shangazi."

"Hasira ninayo. Nitakuwa nayo siku kadhaa." Akaweka kiganja juu ya kanga kifuani pake. "Lakini umekuja kuniambia mwenyewe. Wakubwa wengi hawaji." Akasogeza kanga kidogo, na uso mdogo uliokunjamana ukaonekana. "Nenda kanawe hiyo mikono vizuri, kwa sabuni. Ukirudi, utamwona."