Fataki Nyeupe

Maiti ya nahodha wa boti ya kupeleka vifaa melini ilikutwa asubuhi, imenasa kwenye nguzo za gati. Mpelelezi alipofika, mdogo wa marehemu, ambaye pia alikuwa msaidizi wake botini, alikuwa amejifunika blanketi, meno yakigongana.

"Injini ilizima usiku, kaka akateleza akatumbukia," alimwambia. "Nikawasha fataki ya dharura. Anga zima likawa jekundu! Meli ya mizigo ikatuona, ikageuza, ikaenda zake. Wale ndio wauaji."

Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa ukimlaani nahodha wa meli hiyo. Mpelelezi alimkuta ameketi peke yake, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Ningeona nyekundu ningesimama, hata kwa adui yangu," alisema. "Tuliona nyeupe. Nyekundu ni kuomba msaada. Nyeupe ni kusema nipo hapa, usinigonge, kaa mbali. Nikakaa mbali."

"Sasa hivi unaweza kusema lolote."

"Basi kaikague boti yao, dada."

Aliikagua. Fataki nyekundu zilikuwa kando ya usukani, mkono unafika, hazijaguswa. Nyeupe zilihifadhiwa chini ya kiti cha nyuma. Rundo la kamba nzito lililokaa juu yake lilikuwa limesukumwa pembeni, na fataki moja haikuwepo.

Jioni, kwenye nyumba ya msiba, alimwita kijana yule jikoni. Mjane alikuwa humo akichochea sufuria.

"Nilichanganyikiwa," kijana alijitetea. "Giza lile, nilishika iliyokuwa karibu."

"Iliyokuwa karibu ni nyekundu. Hiyo nyeupe ulihamisha kamba ndipo ukaipata. Halafu asubuhi ukaniambia anga lilikuwa jekundu. Ulijua vizuri ipi ilitakiwa."

Kijana alijifuta uso kwa kiganja.

"Meli ilikuwa inatujia moja kwa moja. Wangemwona." Akameza mate. "Alinitukana mbele ya mabaharia. Eti nanuka pombe, sishiki tena usukani. Sikumsukuma, aliteleza kweli. Ila nilipomwona majini nikasema moyoni, basi, na iwe."

Mjane aliweka mwiko chini.

"Alikuita, shemeji?"

"Aliniita."

"Akasemaje?"

"Alidhani nimekosea. Akasema, 'Siyo hiyo, mdogo wangu. Nyekundu.'"

Mpelelezi alitoa pingu. Mjane akamshika mkono.

"Mpitishe mlango wa nyuma," alisema. "Mama yao yuko sebuleni, na tangu asubuhi anamshukuru Mungu kwa kumwachia huyu."