Kiriba chenye Midomo Miwili

Mchana ule nilikuwa naanika mpunga hapa Salale, nagombana na kuku, nikamsikia wifi yangu Mwanamkuu akizungumza peke yake. Sikushtuka. Tangu kaka yangu Gharibu aende kukata mikoko asirudi, azungumze na nani? Mimi ulimi wangu mnaujua.

Nikaingia kwake. Kiriba cha babu kilikuwa kinaning'inia kwenye boriti. Wenzetu wana madumu. Yeye bado anaweka maji kwenye ngozi ya mbuzi yenye midomo miwili, mmoja kila ubavu. Babu alikishona hivyo makusudi: mdomo wa mume, mdomo wa mke, kila mtu anywe kwake. Akifa mmoja, mdomo wake hushonwa. Hilo kwetu halina mjadala.

Mdomo wa Gharibu ulikuwa wazi.

"Wifi, shona."

"Nishone, maiti umeiona?"

"Mamba haleti salamu, Mwanamkuu."

Akaninong'oneza. "Anakunywa. Nikijaza asubuhi, adhuhuri yamepungua."

"Ngozi kuukuu huvuja. Hata yangu."

Nikatazama chini ya kiriba. Sakafu kavu.

Kisha nikamtazama yeye. Midomo imempasuka, macho yametumbukia. Alikuwa hanywi. Anamwachia mumewe. Kwa mwendo ule, ningemzika kabla mpunga haujakauka.

Alipotoka kwenda kisimani, nikachukua sindano na uzi wa nyavu.

"Gharibu, mwache mwenzio anywe."

Ngozi ilikuwa na joto. Nilipopitisha uzi, ule mdomo ukavuta kidole changu. Kidogo tu. Kama mtoto anavyovuta ziwa.

Nikakaza. Nikapiga fundo.

Mwanamkuu aliporudi hakulia, hakunitukana. Ningependa anitukane. Alipapasa mshono, akauliza polepole, "Sasa atakunywa wapi?"

Asubuhi mlango wake ulikuwa wazi. Ndara zipo kizingitini. Nje tope tupu, na unyayo hata mmoja hakuna. Tulimwita mikokoni mpaka sauti zikatukauka.

Kiriba nimekileta kwangu. Nyumba yangu nayo haina mtu wa kuuliza kitu hicho cha nini. Kimejaa, na mimi sijakitia maji. Mshono wangu uko vilevile. Ila mdomo wa Mwanamkuu nao umeshonwa, kwa nyuzi za kanga yake.

Nimelitafuta fundo lake. Nje halipo.

Ukibonyeza ngozi, unaligusa. Liko ndani.