Habari Aliyoiandika Redio

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, darasa la saba lilihamia chumba cha kompyuta. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili na wanafunzi thelathini na sita, kwa hiyo kila moja ilizungukwa na vichwa vitatu na mabishano yasiyoisha. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amelifungulia darasa blogu, na kila wiki kundi moja liliandika makala. Wazazi walizisoma kwenye simu na kuwatumia jamaa zao.

Wiki ile zamu ilikuwa ya kundi la msichana aliyeitwa Redio. Jina hilo alipewa na wenzake, kwani habari ikitokea asubuhi, kufikia saa nne alikuwa ameshaitangaza shule nzima. Aliishi na shangazi yake, mfuaji wa jezi za timu ya mpira ya mji, na aliamua kuandika kuhusu timu hiyo.

Timu ilikuwa gumzo. Tajiri mwenye kinu cha unga alikuwa ameinunua, na sasa alitaka kuibadilisha jina, iitwe kama unga wake. Mashabiki walikasirika. "Kanunua makaratasi tu," walisema. "Timu ni yetu."

Redio aliyaandika hayo yote vizuri. Kisha akaisoma makala yake, akaiona imepoa. Akakumbuka maneno aliyoyasikia kwa kinyozi: mteja mmoja, uso umejaa povu, alidai kuwa tajiri yule ataiuza timu kwa watu wa mji mwingine. Redio akachapa: "Imethibitishwa kuwa timu yetu itauzwa na kuhamishwa."

"Imethibitishwa na nani?" aliuliza mwenzake wa dawati.

"Mji mzima unajua. Hebu sogea, unanibana."

Kanuni ilikuwa mwalimu asome kwanza. Lakini mwalimu alikuwa ameitwa ofisini, na kengele ilikaribia kulia. Redio akabonyeza kitufe, makala ikaruka hewani.

Jumamosi mchana shangazi alirudi nyumbani mapema. Akaweka beseni tupu sakafuni, akakaa juu ya kigoda bila kuvua viatu.

"Shangazi, mbona umewahi?"

"Mashabiki wamefunga geti la uwanja. Wachezaji hawakufanya mazoezi. Meneja ameniita, akaniuliza kama mimi ndiye ninayetoa siri za timu nje, maana mtoto wangu ndiye aliyeandika. Ameniambia nikae nyumbani mpaka mambo yatulie." Akamtazama Redio. "Miaka tisa nafua zile jezi. Habari ya kuuzwa timu mimi mwenyewe sijaisikia. Wewe uliipata wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, Redio hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ndogo, "Kwa kinyozi."

Shangazi hakufoka. Alilichukua beseni tupu, akaliegemeza ukutani, na jambo hilo lilimuuma Redio kuliko fimbo.

Jumatatu mwenzake wa dawati alimshauri, "Ifute kimyakimya. Nani atajua?"

Redio alivutiwa kidogo na shauri lile. Lakini alijua makala ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu, na kuifuta kusingemrudisha shangazi kazini. Akaenda kwa mwalimu, akaeleza yote tangu mwanzo, hata la kinyozi na la kitufe.

Mwalimu alivua miwani. "Umekosea, tena sana. Lakini umekuja mwenyewe. Sasa tufanye lile tulilopaswa kulifanya mwanzo. Tukamuulize mhusika."

Jioni ile waliongozana hadi kinuni. Mashine zilinguruma, na hewa ilikuwa nyeupe. Tajiri wa timu alitoka nyuma ya magunia, nyusi zimejaa vumbi la unga.

"Shikamoo," alisema Redio.

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye mwandishi! Nilidhani ni mtu mzima mwenye ndevu."

Redio hakucheka. "Nimekuja kukuomba radhi. Niliandika kuwa unaiuza timu, na sikukuuliza. Je, unaiuza?"

"Siiuzi! Nilianza kuishabikia kabla hujazaliwa. Andika hivyo. Na hilo la kubadilisha jina, liondoe kabisa, linanichafulia biashara."

Redio alimtazama mwalimu. Mwalimu alimwonyesha kwa mkono aendelee mwenyewe.

"Lakini la jina ni kweli?" Redio aliuliza.

"Ni kweli, ila..."

"Basi la kuuzwa nitalisahihisha, maana ni uongo wangu. La jina siwezi kuliondoa. Nikiliondoa nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Ila ukinipa sababu zako, nitaziandika. Na shangazi yangu hakunipa siri yoyote."

Tajiri alikunja uso, kisha akajipangusa nyusi. "Mtoto huyu ana kichwa kigumu," alimwambia mwalimu. Akavuta gunia, akaketi. "Haya, kalamu iko wapi?"

Makala mpya ilianza hivi: "Nilikosea. Niliandika uvumi nikauita ukweli." Chini yake yalifuata maneno ya tajiri na ya mashabiki, kila upande kwa kauli yake, na safari hii mwalimu aliyasoma kwanza. Geti lilifunguliwa siku ya pili. Meneja alimpigia shangazi simu, akamwomba msamaha, akamwambia jezi zimerundikana hadi dirishani.

Baada ya wiki mbili tajiri alikutana na mashabiki uwanjani. Walibishana mpaka sauti zikakauka, kisha wakakubaliana: jina la timu libaki, na la unga liandikwe mgongoni mwa jezi. Si wote walioridhika, lakini waliondoka wakizungumza.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alilisimamisha darasa kabla ya kuwasha kompyuta.

"Mtu akiwa na jambo la kweli mkononi, asiliongezee chumvi ili lipendeze," alisema. "Na akigundua amekosea, aseme pale pale alipokosea, mbele ya wale wale aliowapotosha. Kuona aibu si sababu ya kunyamaza. Mwenzenu alikosea mbele ya mji mzima, akajisahihisha mbele ya mji mzima. Ndiyo maana leo watu wanaiamini blogu yetu kuliko zamani. Haya, zamu ya nani?"

Mikono thelathini na sita ikainuka.