Mtu Mwingine Anaandika

Rafiki yangu Keval alikuwa fundi wa kompyuta mjini Kisii. Mwaka wa tisini na nane, Mariam, mwenye zahanati ndogo Nyansiongo, alimwita. Programu yake ya orodha ya wagonjwa, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ilikuwa inapoteza majina.

"Kuna anayeanza kuandika na hamalizi," Keval alimwambia baada ya kuichunguza. "Anawazuia wengine."

"Nani tena? Mashine ni hii moja na mimi peke yangu."

Mariam akaenda kumhudumia mgonjwa. Mvua ya alasiri ikashuka, stima ikapotea, na chumba cha kompyuta, kisicho na dirisha, kikabaki na mwanga wa skrini tu, iliyokuwa ikitumia betri. Keval akaandika jina lake kwa majaribio. Skrini ikajibu: "Subiri. Mtu mwingine anaandika."

Akajaribu kufuta, ikakataa. Akakimbilia mlango, kitasa hakikugeuka. Akaita, lakini mvua juu ya mabati ikameza sauti yake. Ndipo akasikia vibonye vikigongwa polepole kwenye meza aliyoiacha.

Mariam alipokuja, aliusukuma mlango kwa kidole, akamkuta Keval ndani. Mlango haukuwa umefungwa.

Kwenye skrini, jina la Keval lilikuwa limehifadhiwa. Mbele ya jina hilo palikuwa pameandikwa: "Amelazwa. Haruhusiwi kutoka."