Aliyekufa Maji Kitandani

Pindo la gauni la arusi lilikutwa limelowa Jumanne asubuhi, na wiki nzima mvua haikuwa imenyesha.

Fundi cherehani alilishika, akalinusa. Harufu ya maji ya pipa, yale yaliyolala mpaka yakaota ukungu. Akamwita mdogo wake, mwenye gauni.

"Umelijaribu na miguu yenye maji?"

"Dada nawe! Nimeligusa lini?"

Kufikia Alhamisi unyevu ulikuwa umepanda hadi kiunoni. Mdogo mtu, ambaye kwa kawaida angemchekesha hata maiti, siku hiyo hakuwa na utani. "Dada," alinong'ona, "kuna mtu anakohoa chumbani mwangu. Kama aliyepaliwa."

Jini, dada aliwaza. Na alipowaza jini, akamkumbuka bwana arusi: muuza vioo, mpole, ulimi wa asali, aliyehamia mtaani juzijuzi na kwao hakuna aliyekujua. Mteja mmoja wa dada, mpiga chapa wa mahakama, aliwahi kumwambia kuwa hukumu zimewekwa wazi mtandaoni, yeyote anasoma, haombi ruhusa ya mtu. Mchana ule fundi alifunga duka, akafungua tovuti ya mahakama kwenye simu, akaandika majina yote matatu ya muuza vioo.

Ikaja kesi moja. Mauaji.

Walisoma pamoja, mashavu yamegusana. Mke wa mshtakiwa alikutwa kitandani amekufa maji, mapafu yamejaa, ilhali shuka na godoro vilikuwa vikavu. Shahidi hakuwepo. Jaji alisema upande wa mashtaka umeacha shaka, akamwachia huru.

"Kumbe alishaoa?" mdogo mtu alisema taratibu. "Aliniapia hajawahi."

Dada aliteremsha ukurasa hadi kwenye jina la marehemu, akalitamka, na palepale kikohozi kikaanza, kizito, cha majimaji, karibu kabisa na sikio lake, na ile harufu ya ukungu ikajaa chumba, akageuka kutazama ni nani huyo aliyeingia bila hodi, asimwone mtu ila mdogo wake, macho yamemtoka, maji meusi yakimbubujika puani na mdomoni, yakilowesha simu, kifua na sakafu.

Mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe! Nimemfuata mchumba wangu."

Mdogo mtu akajifuta mdomo. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke mtu mzima.

"Karibu, mume wangu. Lile pipa umelificha wapi?"

Nje ikasikika miguu ikitimua mbio. Muuza vioo hakuonekana tena. Duka lake lilikutwa wazi, vioo vyote ukutani.

Mganga aliletwa. Alijifungia na mgonjwa tangu asubuhi hadi alasiri, akatoka akifunga mkoba wake.

"Huyu hatoki kwa dawa, binti yangu," alimwambia fundi. "Ana kesi."

Tangu hapo mdogo mtu huamka, huvaa, huenda mahakamani kusimama kwenye dirisha la masjala na kuomba jalada lile lifunguliwe upya. Dada humsindikiza, amemshika mkono, mkono ambao haupati joto. Makarani wamemzoea, humjibu bila kumtazama. Juzi alikuwepo karani mgeni, kijana mwenye adabu. Alitoa fomu, akashika kalamu, akamtazama mdogo mtu.

"Na wewe, bibi, ni nani katika kesi hii?"

"Marehemu."