Yeye Alisema "Tutaangalia", Mimi Nikasema Umekwisha

Nina miaka arobaini na miwili, mjane, mama wa watoto watatu, mkazi wa Isiolo. Msinionee huruma kabla hamjasikia nilichofanya!

Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia sokoni, meza yangu jirani na ya Habiba, muuza maziwa mwenzangu. Mume wangu alipofariki, Habiba ndiye aliyewalisha wanangu mpaka nikasimama tena. Si ndugu wa damu... lakini ndugu gani angefanya vile?

Kampeni zilipoanza akaja mheshimiwa kutafuta kiti. Mtoto wa hapa, lakini amekulia Nairobi, Kiborana hajui hata cha kuombea maji! Akatafuta mkalimani, akaambiwa mimi nina mdomo. Kweli ninao, na ndio ulioniponza. Aliniahidi akishinda nitakuwa karani wa basari za karo ya wanafunzi na chakula cha msaada. Mimi, karani! Nikajiona tayari kwenye kiti cha kuzunguka.

Tulizunguka naye hadi Kinna. Kazi za vijana, pesa za wazee na wajane, barabara ya Kipsing, ushuru wa soko... kwa yote alikuwa na neno moja tu. Tutaangalia! Mwoga mkubwa yule, hata uongo wake hakuweza kuusema mwenyewe.

Watu wakaanza kukunja uso. Nikaogopa, ukarani wangu utaponyoka hivi hivi? Basi siku ya mkutano wa sokoni, alipofika kwenye ushuru akaniambia sikioni tutaangalia, nikashika maiki nikawaambia akina mama kwa Kiborana: siku atakayoapishwa, ushuru umekwisha! Wallahi, vigelegele vilivyopigwa! Mheshimiwa akaniuliza mbona wanashangilia hivyo. Nikamwambia wanakupenda. Akatabasamu, mjinga yule.

Akashinda. Siku ya kuapishwa Habiba akaacha kulipa ushuru. Askari wa soko walipomdai, aliwaambia uliondolewa, amesikia kwa masikio yake. Wakamcheka. Nilikuwa pale pale mezani kwangu... nikainamisha kichwa. Nikajifanya napima maziwa!

Wiki iliyofuata walirudi, wakamwaga maziwa yake yote chini, na meza wakampa mtu mwingine.

Nilienda ofisini kwa mheshimiwa, nikakaa nje siku tatu. Alipotoka nikamweleza mambo ya Habiba, nikamkumbusha na ukarani wangu. Mnajua alinijibu nini? "Tutaangalia, mama." Kumbe ukarani alishampa shemeji yake!

Nikaenda kwa Habiba kukiri. Nikamwambia yule mtu hakusema vile, ni mimi nilisema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Wasomaji wenzangu, nawasihi, mwanasiasa akikosa la kuahidi mwacheni aaibike mwenyewe mbele ya watu. Usimwazime ulimi wako! Yeye ataingia kwa gari lake aende, na wewe utabaki na majirani zako.

Siku hizi Habiba anauza chai kando ya barabara. Nikimpa salaam aleikum anaitikia, maana dini inamlazimu. Halafu ananiuliza kwa Kiswahili, "Unataka nini, mama?"

Kiswahili! Mimi na Habiba, tangu tujuane, hatukuwahi kusemeshana ila kwa Kiborana...